Nimehamia chuo kikuu Texas kuingia mwaka wa tatu, sasa nataka kubadili meja. Nimechelewa?

#1 KijanaWaTandika
Wakuu, poleni na majukumu. Nyumbani Tandika, kwa sasa nipo Dallas. Nilikuja na familia kwa green card ya bahati nasibu, nimetoka kumaliza form six (PCM). Nikaingia koleji ya miaka miwili, ambayo kwangu ilikuwa mitatu kwa sababu ya boksi (vibarua). Nikatoka na krediti 66 na GPA (wastani wa alama) ya 3.4, nikahamia chuo kikuu cha serikali humu humu Texas, sayansi ya kompyuta, naingia mwaka wa tatu kifua mbele.

Semista moja tu imenitoa jasho. Masomo manne: Miundo ya Data nimepata F. Hisabati Diskriti niliitoa katikati, imebaki W. Mengine mawili C na B. GPA ya chuo kipya 1.67, ile 3.4 yangu haikuvuka, wanasema krediti zinahama ila alama hazihami.

Nafikiria kubadili meja, yaani fani kuu ya digrii, niende uhasibu, au mifumo ya habari ya biashara. Mama anasema unesi. Swali langu: mtu aliyehamia mwaka wa tatu akibadili meja amechelewa, au nakaza tu nimalize nilichoanza?

#2 Kibanda_Umiza
Naweka kiti mbele kabisa. Ngoja waje wenye digrii zao.

#3 MzeeWaGongoLaMboto
Dogo, mwaka wa tatu mtu anapima joho, wewe unapima kozi nyingine? Huku ukimwambia mkuu wa idara unataka kuhama kozi mwaka wa tatu atakuuliza kama umekula. Utarudishwa mwaka wa kwanza na bumu linakatika.

#4 Dada_wa_Aurora
#3 mzee, shikilia hapo. Huko digrii nyingi ni miaka mitatu, kwa hiyo mwaka wa tatu ndio wa mwisho. Hapa ni miaka minne, krediti 120. Anayetoka koleji na krediti 60 na kitu anaingia nusu ya safari. Tena hapa miaka miwili ya mwanzo watu wengi wanasoma mchanganyiko: Kiingereza, historia, hesabu, siasa, sayansi kidogo. Meja yenyewe inaanza kubana mwaka wa tatu. Ndiyo maana dogo ameiona rangi yake sasa hivi.

#5 Sajenti_Mstaafu
Nimefungua uzi mbio mbio nikidhani kuna Meja amehamishwa kambi. Kumbe ni mambo ya shule. Hata hivyo nakaa, nina kijana form four.

#6 BoksiMpakaPhD
Mleta mada, usibadili chochote kwanza. Hilo linaloitwa mshtuko wa kuhama limeanza kuandikwa na watafiti tangu 1965: mwanafunzi anatoka koleji ndogo akiwa na alama nzuri, semista ya kwanza chuo kikuu GPA inaanguka, kisha wengi inapanda tena. Mimi nilitoka na 3.7, semista ya kwanza nikapata 2.1. Darasa la koleji tulikuwa 22, mwalimu anajua jina langu na anajua naishi wapi. Chuo kikuu tulikuwa ukumbi wa watu 200 na zaidi, maswali unamuuliza msaidizi ambaye naye ni mwanafunzi.

Wewe hujui bado kama tatizo ni meja au ni kuhama. Semista moja haiwezi kukuambia.

#7 Mwanakombo_wa_Tanga
Mnaenda mbali. Swali dogo tu, mdogo wangu: unafanya kazi saa ngapi kwa wiki?

#8 KijanaWaTandika
#7 dada, 36. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, shifti za usiku saa 12 kila moja. Ghala.

#9 Mwanakombo_wa_Tanga
Basi kesi imekwisha. Jumatatu asubuhi unaingia darasani kama maiti aliyepewa ruhusa. Badili meja mara kumi, hata ukienda kusoma ushairi utapata hiyo hiyo 1.67. Tatizo lako ni usingizi.

#10 BoksiMpakaPhD
#9 sikubali moja kwa moja. Koleji alikuwa na boksi hilo hilo na akapata 3.4.

#11 Mwanakombo_wa_Tanga
#10 koleji alisoma miaka mitatu badala ya miwili, umesahau kusoma #1?

#12 Fundi_Pointa
Ngojeni kidogo nimuulize jambo la kiufundi. Dogo, koleji mlijifunza programu kwa lugha gani, na huko chuo kikuu Miundo ya Data inafundishwa kwa lugha gani?

#13 KijanaWaTandika
#12 mkuu umenigusa. Koleji ilikuwa Python semista zote mbili. Huku ni C++. Siku ya kwanza mwalimu alisema "pointa mnazijua", akasonga mbele. Mimi pointa nilikuwa nazijua za Ligi Kuu.

#14 Fundi_Pointa
Hahahaa. Nilijua. Huo sio ujinga na wala sio meja mbaya, ni shimo kati ya vyuo viwili. Krediti zako zimehamishwa kihalali, jina la somo linafanana, ila kilicho ndani hakifanani. Waliosoma hapo hapo tangu mwaka wa kwanza walikula C++ mwaka mzima kabla ya hiyo Miundo ya Data. Wewe ulikuwa unajifunza lugha na somo kwa wakati mmoja. Kaa likizo hii wiki sita, andika orodha-viungo (data zilizounganishwa kwa pointa) kwa mkono wako mpaka uote, halafu rudia. Na uliza kama chuo chako kinabadilisha ile F ukirudia somo, maana vyuo vinatofautiana.

#15 Jirani_wa_Mbagala
Wakuu, nani alikuchagulia sayansi ya kompyuta? Jibu kweli.

#16 KijanaWaTandika
#15 mjomba. Alisema PCM yote ile usiende kuipoteza, na huko Marekani kompyuta ndio pesa. Ilikuwa 2021.

#17 Jirani_wa_Mbagala
Haya sasa. Hapa ndipo ugonjwa ulipo, hao wengine wanatibu kikohozi. Huyu hajawahi kuchagua meja. Amechaguliwa kombi, akachaguliwa meja, na sasa mama anamchagulia unesi. Halafu #14 anamwambia aandike orodha-viungo mpaka aote. Mtu unaota kitu unachokipenda.

#18 Fundi_Pointa
#17 mimi sikukipenda, kinanilipa. Naota mambo mengine.

#19 Mwl_Msaidizi_MN
Salaam. Muhimu sana kwa mnaofuatilia: ukibadili meja, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kubofya chochote. I-20 (hati ya chuo kwa mwenye viza ya masomo) lazima irekebishwe, na kama kubadili kunasogeza tarehe ya kumaliza, omba nyongeza ya muda kabla I-20 haijaisha. Kubadili meja ni sababu ya kitaaluma inayokubalika kuomba nyongeza, lakini ukichelewa hata siku moja mambo yanakuwa mengine. Usishuke chini ya krediti 12. Na ukitoka kwenye kompyuta kwenda uhasibu wa kawaida, unapoteza ile miezi 24 ya nyongeza ya OPT (ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo) ya fani za sayansi na teknolojia. Unabaki na 12.

#20 Dada_wa_Aurora
#19 maelezo mazuri ila hayamhusu. Ana green card, amesema mstari wa pili.

#21 Mwl_Msaidizi_MN
Kweli, nimeruka. Iacheni, kuna wenye F-1 (viza ya mwanafunzi) wanaosoma kimya kimya.

#22 Mgeni_Kimya
#21 tupo. Asante.

#23 Shangazi_Nesi
Mwanangu msikilize mama. Mimi nilianza kubadilisha wazee nepi usiku, nikasoma, leo nina leseni ya nesi na sijawahi kukaa wiki mbili bila kazi. Hao wa kompyuta mwaka 2022 na 2023 nimewaona wanaachishwa kazi kwa barua pepe. Mgonjwa hawezi kuandikiwa barua pepe.

#24 Dada_wa_Aurora
Shangazi heshima yako, ila mwambie ukweli wote. Unesi sio meja unayohamia kwa kubofya. Unaomba nafasi kama unaomba chuo upya. Wanataka Anatomia na Fiziolojia 1 na 2, Mikrobiolojia, Kemia, vyuo vingi mtihani wa TEAS, na wanachuja kwa GPA. Mwenye 1.67 ataomba na nani?

#25 Shangazi_Nesi
Kuna njia nyingine. Amalize digrii yoyote, kisha aingie ile ya haraka ya unesi kwa wenye digrii tayari, miezi 12 mpaka 18. Wauguzi wengi ninaofanya nao kazi wamepita huko. Mmoja alisoma muziki.

#26 Mhasibu_wa_Houston
#25 shangazi, njia ipo, lakini ukishapata digrii ya kwanza, Pell Grant imekwisha. Ile ruzuku ya serikali kuu ni ya wasio na digrii. Hiyo ya haraka atailipia kwa mkopo au mfukoni, na miezi hiyo boksi haliwezekani.

Sasa naomba dogo atupe hesabu kamili, maana hapa watu wanapiga ramli. 1) Katika zile 66, chuo kimepokea ngapi na zinazoingia kwenye digrii ni ngapi? 2) Koleji uliwahi kufeli au kutoa somo? 3) Umekula Pell semista ngapi? 4) Masomo ya msingi ya jimbo, zile krediti 42, ulizimaliza zote?

#27 Kibanda_Umiza
Mzee wa mahesabu ameingia, zimeni redio.

#28 KijanaWaTandika
#26 nimeingia kwenye mfumo wa chuo, kuna sehemu unajaribu meja nyingine bila kubadili kitu. Sikujua ipo. Majibu: wamepokea 60, zinazoingia kwenye kompyuta ni 54. Jumlisha 6 za semista hii, zinabaki 60 nimalize. Mifumo ya habari ya biashara zinabaki 63. Uhasibu zinabaki 72. Koleji nilifeli moja na kutoa moja, kila moja krediti 3. Pell nimekula semista 6 koleji na 1 hapa, zote za mzigo kamili. Za msingi 42 nilimaliza zote.

#29 Mhasibu_wa_Houston
Safi, sasa tunaongea. Kwanza habari njema: zile 42 za msingi zinahama kama furushi moja kati ya vyuo vyote vya serikali Texas, na ukibadili meja nyingi zinabaki na wewe. Ndiyo maana hujarudi sifuri kama mzee wa Gongo la Mboto anavyodhani.

Habari mbaya wengi hawaijui. Texas ina sheria ya krediti za ziada: ukijaribu krediti 30 au zaidi juu ya zile za digrii yako, chuo kina haki ya kukutoza ada ya juu, mpaka kufikia ya mtu wa nje ya jimbo. Digrii yako ni 120, kwa hiyo mstari uko 150. Na wanahesabu ulizojaribu, sio ulizofaulu. F imo. W iliyotolewa baada ya siku ya 12 ya masomo imo. Koleji ya serikali imo.

Wewe umejaribu 66 + 6 za koleji, + 12 hapa = 84. Kompyuta: 84 + 60 = 144. Mifumo ya habari: 84 + 63 = 147. Uhasibu: 84 + 72 = 156. Umevuka.

Upande wa Pell: maisha yako yote ni semista 12 za mzigo kamili, kisha basi. Umetumia 7, zimebaki 5. Kwa krediti 12 kila semista, kompyuta ni semista 5 kamili. Mifumo ya habari ni 5 na somo moja, ukipiga semista moja ya masomo matano umemaliza. Uhasibu ni 6, ya mwisho unajilipia, tena kwa ada iliyopanda.

Na hapo sijahesabu ukifeli tena hata moja.

#30 Kibanda_Umiza
Daah. Mimi nilikuja kucheka.

#31 Dada_wa_Aurora
#29 nyongeza moja kuhusu W. Texas pia wana sheria ya kutotoa zaidi ya masomo sita kwa digrii nzima, kwa walioanza chuo tangu 2007. Za koleji zinahesabiwa. Dogo umetumia mbili.

#32 Mbunifu_wa_Oakland
Huku California ni hadithi nyingine. Mimi nilisoma ile digrii ya kuhamia iliyowekwa kisheria 2010. Ukiimaliza, mfumo wa CSU (vyuo vikuu vya jimbo) unakuhakikishia nafasi na kwamba utamaliza kwa krediti 60 zaidi, mradi ubaki kwenye fani inayofanana. Mimi niliingia na ya biashara, mwezi wa tatu nikataka usanifu wa picha. Mshauri akatabasamu, akasema hakuna tatizo, ila ile ahadi ya 60 imebaki kwenye biashara. Nilimaliza kwa 81. Sijutii, ila mwaka mzima wa ziada nimeulala kwenye kochi la binamu.

#33 MzeeWaGongoLaMboto
#29 nimesoma mara mbili. Kwa hiyo huko kufeli kunalipiwa mara mbili? Na hiyo SAP nimeona watu wanaitaja uzi mwingine, ndiyo sapu yetu?

#34 BoksiMpakaPhD
Mzee hapana, hahaha. Sapu yetu ni mtihani wa marudio. SAP ya hapa ni kipimo cha maendeleo kwa wanaopokea msaada wa serikali kuu. Wanatazama vitu vitatu: GPA, kasi, na kikomo. Mtu aliyemaliza mwaka wa pili anatakiwa awe na 2.0. Kasi, angalau 67% ya ulizojaribu uwe umefaulu. Kikomo, usizidi 150% ya urefu wa digrii, yaani 180 kwa digrii ya 120.

Kwa huyu: zilizohamishwa 60 wanazihesabu pande zote mbili. Amejaribu 72, amefaulu 66. Kasi iko zaidi ya 90%, hakuna wasiwasi. GPA 1.67 ndiyo itamletea barua. Dogo, barua ikija usikae nayo kwenye gari. Andika rufaa, eleza kilichotokea na mpango wako.

#35 MzeeWaGongoLaMboto
Kumbe sapu yetu ina huruma. Unarudia mtihani Septemba, maisha yanaendelea.

#36 Wa_Nakuru
Sasa wadau. Huku Kenya kuhama kozi kupitia KUCCPS (wanaopangia wanafunzi vyuo) hufanyika mwaka wa kwanza, dirisha likifunguliwa, na ni lazima pointi zako za klasta zifikie za ile kozi unayoitaka mwaka huo. Ukifika mwaka wa tatu hakuna anayekusikiliza. Mimi nilisoma hadi mwisho kitu nisichokipenda, na saa hii nauza simu. Biashara si mbaya. Lakini nikiona mtu ana mfumo unaomruhusu kujaribu meja bila kubadili kitu, naona wivu wa waziwazi.

#37 Mtoto_wa_Uvira
Jambo ndugu. Miye niko Kentucky, tulifika kama wakimbizi. Nilianzaka na masomo ya Kiingereza cha wageni, semista tatu. Wakati nilihamia chuo kikubwa, zile krediti zote za Kiingereza hawakuzihesabu kwa digrii, lakini Pell ilizikula. Kwa hiyo miye nilifika mwaka wa tatu na semista nyingi zimeisha. Nilitaka kuacha kazi za jamii niende uhandisi. Niliacha hiyo ndoto, nikamaliza kazi za jamii. Sasa nasaidia familia zinazofika. Sijui kama nilichagua ama pesa ilichagua.

#38 Jirani_wa_Mbagala
#37 hiyo sentensi ya mwisho, ndugu yangu.

#39 Takwimu_Tupu
Mleta mada usijione wa ajabu. Idara ya takwimu za elimu Marekani ilitoa ripoti 2017: kati ya walioanza digrii mwaka wa masomo 2011–12, karibu theluthi moja walikuwa wamebadili meja angalau mara moja ndani ya miaka mitatu. Walioanza na hisabati walikuwa 52%. Na mkaguzi wa serikali kuu mwaka huo huo alikadiria kwamba wanaohama vyuo hupoteza wastani wa 43% ya krediti zao. Wewe umepoteza 6 kati ya 66, na 6 nyingine hazina kazi. Una bahati.

#40 Mwanakombo_wa_Tanga
#39 theluthi moja ya Wamarekani hao hawakuwa ghalani Jumapili usiku. Takwimu hazilipi kodi ya nyumba.

#41 Takwimu_Tupu
#40 zinamwondolea aibu, na hilo nalo ni kitu.

#42 Mwana_wa_Bodi
Samahani, natoka kidogo nje ya mada. Hiyo mifumo ya habari ya biashara ina ajira kweli au ni kompyuta ya walioshindwa kompyuta?

#43 Fundi_Pointa
#42 acha dharau. Ofisini kwetu wao ndio wanatuambia cha kutengeneza. Na wanatoka saa kumi na moja jioni.

#44 Mhasibu_wa_Houston
Na pia uhasibu haujafa kama mnavyosema vijiweni. Ila Texas ukitaka leseni ya CPA (mhasibu aliyesajiliwa) kulikuwa na ile habari ya krediti 150, kwa hiyo zile za ziada kwa mhasibu huwa hazipotei bure kabisa. Tatizo lake ni nani anazilipia.

#45 Shangazi_Nesi
Bado nasema unesi.

#46 KijanaWaTandika
Wakuu, mrejesho. Nimeonana na mshauri wa masomo leo, nilipewa dakika 20. Nilimwonyesha hesabu za #29 kwenye simu, akaniuliza nani amenisaidia. Nikasema wazee fulani mtandaoni.

Alichosema: a) Ile F nikirudia hapo hapo chuoni, alama mpya ndiyo itaingia kwenye GPA. b) Kubadili meja kwenda kitivo cha biashara wanataka GPA ya 2.5 ya chuo hicho hicho, sio ya koleji. Yaani hata nikitaka kuhama leo sihami. Lazima kwanza nifaulu hapa nilipo. c) Uhasibu wa Mwanzo naweza kuuchukua semista hii bila kubadili meja, unaingia kama somo huru.

Kwa hiyo nimejiandikisha Miundo ya Data tena, Hisabati Diskriti tena, Uhasibu wa Mwanzo, na Takwimu.

#47 BoksiMpakaPhD
Hiyo b) ndiyo kitu watu hawaambiwi. Milango ya meja nyingine inafunguliwa na alama za meja unayoikimbia.

#48 Mwanakombo_wa_Tanga
Na boksi?

#49 KijanaWaTandika
Dada nilijua utauliza. Nimeomba shifti mbili badala ya tatu. Wamesema wataniangalizia.

#50 Mwanakombo_wa_Tanga
"Wataniangalizia". Haya.

#51 Jirani_wa_Mbagala
#46 umejiandikisha masomo mawili ya mjomba na moja la kwako. Takwimu ni ya nani?

#52 KijanaWaTandika
Takwimu inaingia kote kote, ndiyo maana.

#53 Fundi_Pointa
Mimi naweka hela: akipata B kwenye Miundo ya Data, hatasikia tena habari ya uhasibu. Watu hawachukii fani, wanachukia kufeli.

#54 Jirani_wa_Mbagala
#53 na mimi naweka. Atapata B na bado ataondoka. Nimewahi kufaulu vitu nilivyovichukia kwa miaka saba mfululizo.

#55 Mhasibu_wa_Houston
Kabla hamjaanza kamari: dogo, kama unataka kutoa somo lolote kati ya hayo manne, litoe kabla ya siku ya 12. Halitaingia kwenye ile 150 wala kwenye zile sita. Ila ukishuka chini ya 12, Pell ya semista inapungua. Weka tarehe kwenye simu.

#56 KijanaWaTandika
Nimeweka, mkuu. Na mjomba nimempigia. Amesema uhasibu sio mbaya, yeye alidhani kompyuta nimeipenda mwenyewe.

#57 Jirani_wa_Mbagala
Ala!

#58 MzeeWaGongoLaMboto
Uzi huu umenifundisha kuliko semina ya siku tatu. Mwezi wa tano rudi utuambie, msiufunge.

#59 Mgeni_Kimya
Samahani wakuu, hiyo shifti moja aliyoiacha KijanaWaTandika, hapo ghalani wanaajiri? Nipo Dallas, nami nimehamia mwaka wa tatu.

#60 Mwl_Msaidizi_MN
#59 wewe si umesema una F-1? Usithubutu. Njoo faragha tuongee.